Wifi wa Shirika la Habari

Gazeti lilitua mezani kwa kishindo na kukipindua kikombe cha chai cha mhasibu.

"Ukurasa wa tatu," alisema Mkuu wa chuo. "Someni. Someni kwa sauti, msione haya."

Hakuna aliyesoma. Kila aliyekuwa kwenye chumba kile cha mikutano alikuwa ameshaiona habari yenyewe kwenye simu kabla hata ya kupiga mswaki. Chuo cha biashara cha upande wa pili wa mji, kile kinachofundishia katika jengo lililowahi kuwa ghala la magodoro, kilikuwa kimetajwa katika gazeti linalosomwa dunia nzima. Mhadhiri wao mmoja alinukuliwa kuhusu bei ya saruji. Sentensi mbili tu, lakini zilimchoma Mkuu kama pasi.

"Watu wa magodoro!" alisema. "Dunia inawajua watu wa magodoro. Sisi tuna maktaba ya ghorofa nne, tuna jengo jipya, tuna kila kitu. Nani anatujua?"

Alimgeukia ofisa habari, mwanamke aliyekaa karibu na mlango akiwa amekumbatia mkoba wake. Pale chuoni watu walimwita Msemaji. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akisoma taarifa ya habari redioni, na wenzake walipenda kusema kwamba chuo kimenunua sauti lakini hakijawahi kuipa neno la kusema.

"Wewe mama, unalipwa kwa kazi gani hapa?"

"Kutuma taarifa unazoniagiza, Mkuu."

"Na zinakwenda wapi?"

Zilikwenda kila mahali, na hapo ndipo palipokuwa na aibu. Kila wiki Mkuu alimwandikisha taarifa: Mkuu apokea wageni, Mkuu akabidhiwa ngao, Mkuu azindua zulia jipya la ukumbi. Msemaji alizituma kwa kila mhariri wa nje ambaye anwani yake iliweza kuokotwa mahali. Aliyewahi kujibu ni mmoja. Aliomba kwa adabu asitumiwe tena kitu chochote maishani mwake.

"Zinafika," alisema Msemaji. "Ila hazina habari ndani yake."

Mhasibu aliacha kufuta chai. Mkuu alivuta pumzi kwa pua, na kila mtu akajua kuna mtu atatolewa uvivu leo. Lakini kabla hajaanza, msimamizi wa magari, mtu ambaye hakuwahi kuwa na siri ya mwenzake kifuani kwa zaidi ya nusu saa, alikohoa.

"Mkuu, lakini yule mwandishi wa shirika la habari la nje, mwenye ofisi pale juu ya duka la dawa, si wifi yake huyu?"

"Wifi imerudi?" aliuliza mhasibu, akichomoa simu yake haraka.

"Wifi binadamu, bwana! Dada wa mume wake."

Watu walicheka. Msemaji hakucheka. Mkuu naye hakucheka. Alimtazama kama mtu aliyegundua kwamba kwa miaka yote amekuwa akikalia ufunguo anaoutafuta.

"Mama," alisema kwa sauti laini ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile kali, "yaani una ndugu huko na umenyamaza? Nenda kamwone. Baraza la chuo linakaa mwezi ujao. Nikifika pale bila kutajwa na dunia, wewe utafika pale bila kazi."

*

Mume wa Msemaji alimsikiliza akiwa amechuchumaa kwenye banda nyuma ya nyumba, mikono imejaa grisi, pampu ya maji imefumuliwa mbele yake. Hakuinua kichwa.

Zamani alikuwa mhandisi wa mamlaka ya maji, mtu wa kofia nyeupe na gari la kazini. Jumapili moja, miaka sita nyuma, dada yake mdogo alikuja kula nao chakula cha mchana. Katikati ya mazungumzo mhandisi, akiwa na tonge mkononi, alisema kwamba watoto wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha, maana chujio kubwa la mjini limekufa na wakubwa wanalijua hilo. Alipoona dada yake ameacha kutafuna, akaongeza, "Ila hayo ni ya hapahapa mezani." Jumatano habari ilitoka. "Mhandisi mwandamizi" ndivyo alivyoandikwa, bila jina. Lakini wahandisi waandamizi walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa safarini. Chujio lilitengenezwa. Yeye alifukuzwa. Tangu siku hiyo dada mtu hakukanyaga pale, na kaka mtu hakupokea simu yake.

"Kwa hiyo unakwenda kumpigia magoti," alisema mume wake.

"Nakwenda kazini."

"Kazini kwake au kwako?"

"Mume wangu, wataniachisha. Tutakula hizo pampu?"

Alikaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza ikamkwaruza kidole. "Nenda," alisema, akinyonya damu. "Ila usimpelekee salamu zangu. Na zake usiniletee."

*

Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu. Msemaji alipanda ngazi hadi juu, akafika roho ikimpanda na kushuka. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye runinga nne zilizokuwa zikiongea kwa pamoja bila mtu wa kuzisikiliza, nyaya zimetambaa kila pahali, na nyuma ya mlango lilining'inia vazi zito la kuzuia risasi ambalo sasa lilitumika kutundikia mwavuli. Wifi yake alikuwa peke yake. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilianza kuwa na mvi mbele.

"Umekuja kama wifi au kama chuo?"

"Kama chuo."

"Afadhali. Kaa."

Hakumwandalia hata maji. Alimgeuzia kioo cha kompyuta.

"Hizi zote ni zenu. Siku hizi zinaingia kwenye takataka zenyewe, mimi sigusi kitu. Mashine imeshajifunza. Tazama: 'Mkuu azindua zulia.' Zulia, jamani! Kuna binadamu mwenye akili zake alikaa chini akaandika zulia?"

"Mimi."

"Basi ulikuwa unalipwa kuniudhi."

"Nilikuwa nalipwa kuandika. Kuudhika ni kazi yako mwenyewe, na unaijua vizuri."

Walitazamana. Kwenye runinga moja mtu alikuwa akieleza hali ya hewa ya bara jingine.

"Mkuu wako anataka nini?" aliuliza wifi.

"Kuonekana."

"Mwambie anunue kioo."

"Wifi, sikupanda ngazi zote hizi kuja kutukanwa. Niambie wewe unataka nini. Ukiacha kutukana, mtu kama wewe anataka nini kutoka kwenye chuo cha biashara?"

Swali lile inaelekea hakuwahi kuulizwa. Aliegemea kiti, akajikuna shingo, na alipoanza kusema tena sauti ilikuwa ileile ya ukali lakini maneno yalikuwa ya kazi.

"Nataka mtu anayejua jambo. Liwe moja tu, lakini alijue mpaka mifupani. Alieleze kama anamweleza jirani yake. Nikimpigia apokee, maana habari yangu ikilala imekufa. Asiniombe kuisoma kabla haijatoka, mimi sifanyiwi usahihishaji. Asitake nimtaje Mkuu wake. Na siku chuo chenu kikivurunda, uniambie wewe kabla sijaambiwa na mlinzi wa getini."

"Na sisi tunapata nini?"

"Mkistahili kutajwa, mtatajwa. Msipostahili, basi. Hapa si ubao wa matangazo."

"Na nikitaka kukwambia jambo ambalo si la kuandikwa?"

"Useme kwanza kwamba si la kuandikwa. Nikikubali, ndipo unaniambia. Siyo unaniambia halafu unasema." Aliugeuza tena kioo cha kompyuta upande wake. "Kaka alisema baada."

"Kaka yako alikuwa anakula," alijibu Msemaji.

Alichukua mkoba wake. Wifi hakumsindikiza hata mlangoni.

*

Alianza kupita mlango kwa mlango kwenye ofisi za wahadhiri, na wiki ile nusura akate tamaa. Mwalimu wa masoko alizungumza mpaka chai ikapoa na hakuweka nukta hata moja. Mwalimu wa benki alitaka maswali yaletwe kwa maandishi naye ajibu baada ya likizo. Mmoja alimfukuza: alisema waandishi wa habari ni watu walioshindwa shule, na akamkumbusha kuwa hata yeye alikuwa mmoja wao.

Mwisho wa ukumbi, katika chumba kilichonuka karatasi na mafuta ya kuchua, alimkuta Mama Mirathi. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akichunguza kampuni za familia, zinavyokua na zinavyosambaratika mwenye mali akishafumba macho. Alikuwa ameketi na marehemu watarajiwa wengi na warithi wengi wenye njaa, na ulimi wake ulikuwa wembe.

"Waandishi?" alisema. "Wale wanaokatakata maneno ya watu kama vitunguu?"

"Wanakata kwa sababu tunawapa gunia zima. Wewe nipe kitunguu kimoja."

"Unasemaje?"

"Sentensi moja. Kwa nini kampuni za familia zinakufa?"

Mama Mirathi alivua miwani. "Kwa sababu baba anagawa mali na hagawi madaraka. Akizikwa, kila mtoto anaondoka makaburini akidhani yeye ndiye baba."

Msemaji alisimamisha simu iliyokuwa ikirekodi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie chuo kile, alihisi ana kitu mkononi.

Walifanya mazoezi kwa wiki mbili, wakigombana. Msemaji alimkatiza kila alipoanza kutaja nadharia. Mama Mirathi alimwita polisi wa maneno, dalali, na siku moja chiriku. Kisha Msemaji alimwandikia wifi yake ujumbe mfupi: jina, anachojua, namba ya simu, saa anazokuwa darasani. Hakuweka salamu. Jibu lilikuja: "Sawa."

Haikuchukua muda. Ndugu watatu wenye kampuni ya mabasi ya masafa marefu walifikishana mahakamani, mabasi yakalala, abiria wakakwama mipakani. Wifi alimpigia Mama Mirathi, naye akapokea akiwa amesimama kwenye foleni ya benki. Sentensi ya makaburini ikaruka kwenda dunia nzima kwa lugha ambazo hakuna mtu pale chuoni aliyeweza kuzisoma, na chini yake jina la chuo. Siku mbili baadaye redio ya nje ikapiga. Halafu gazeti.

Msemaji aliingia ofisini kwa Mkuu akitarajia walau kiti. Aliachwa amesimama.

"Huyu ni nani," aliuliza Mkuu, akiigonga karatasi kwa kidole, "mpaka atajwe yeye na mimi nisitajwe?"

"Ni mhadhiri wako, Mkuu. Chuo kimetajwa."

"Chuo ni mimi! Kuanzia leo mhadhiri hafungui mdomo mpaka maneno yake yapite hapa mezani. Na jina langu linatangulia."

"Hakuna mwandishi atakayesubiri."

"Atasubiri. Sisi ni chuo, si kibanda cha kupiga simu."

*

Baraza lilikuwa bado halijakaa wakati maduka yalipofungwa.

Yalikuwa maduka makubwa, yale ambayo kila mji ulikuwa na lake, na mwenyewe aliyeyaanzisha alikuwa amezikwa mwaka uleule kwa heshima kubwa. Asubuhi moja wafanyakazi walifika wakiwa na sare zao wakakuta makufuli mapya. Mtoto mmoja wa marehemu alikuwa amefunga milango, mwingine amefunga akaunti, wa tatu yuko mahakamani. Nje wafanyakazi walikaa chini kwenye maegesho, na ndani ya friji zilizozimwa nyama ilianza kuharibika. Watu wa mtaa mzima waliisikia harufu.

Habari kama ile ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vya Mama Mirathi. Lakini mtoto mkubwa wa marehemu, yule wa makufuli, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la chuo. Na jengo jipya la chuo lilikuwa na jina la baba yao kwa herufi za chuma zinazong'aa, kila moja urefu wa mtu.

Mkuu aliwaita Mama Mirathi na Msemaji.

"Mama Mirathi anaumwa," alitangaza.

"Naumwa nini?" aliuliza Mama Mirathi, aliyekuwa amesimama mbele yake mzima wa afya. "Niambie, nikanunue dawa."

"Unaumwa mpaka nitakaposema umepona. Na barua yako ya kupandishwa cheo iko hapa, inasubiri wino wangu. Tumeelewana?"

Mama Mirathi aliitazama barua ile. Nyumbani alikuwa akisomesha watoto wanne wa marehemu dada yake. Ilimuuma Msemaji kuona ulimi ule umelazwa chini.

"Na wewe," Mkuu alimnyooshea kidole, "wifi yako akipiga, mwambie amelazwa."

Wifi alipiga kabla Msemaji hajafika mezani kwake.

"Nimempigia Mama Mirathi, simu imezimwa. Yuko wapi?"

Msemaji alifunga mlango. Kusema "amelazwa" kungemchukua pumzi moja tu. Lakini alijua kwamba kesho Mama Mirathi angeonekana sokoni akichagua nyanya, na baada ya hapo kila atakalolisema yeye, Msemaji, kwa mwandishi yeyote, lingekuwa sawa na lile zulia. Na kuna jambo jingine alilolijua: mwanamke aliye upande wa pili wa simu aliwahi kupewa neno la mezani akalitoa nje.

Alipiga moyo konde.

"Ninachotaka kusema si cha kuandikwa. Nimesema kabla. Unakubali?"

"Nakubali."

"Haumwi wala hayuko safarini. Amezuiwa. Mwenye maduka ndiye mwenyekiti wetu."

Kule upande wa pili sauti ya vidole kwenye kompyuta ilikatika.

"Unajua umenipa nini?"

"Najua."

"Chuo kinamziba mdomo mtaalamu ili kumlinda tajiri wake. Hiyo ni kubwa kuliko hayo maduka yenyewe."

"Najua, wifi. Wewe ulikubali."

Simu ilikatwa bila kwaheri. Siku nzima iliyofuata Msemaji alifungua habari za shirika lile kila alipopata upenyo. Maduka yaliandikwa. Nyama iliandikwa. Kuhusu chuo, hakukuwa na neno.

*

Aliyejipalia makaa ni Mkuu mwenyewe. Alipoona dunia nzima inazungumzia maduka na hakuna anayemuuliza yeye, hakuweza kuvumilia. Alichukua simu, akalipigia shirika la habari bila kumwambia mtu, akajitolea kuhojiwa. Wifi alifika mchana na mpiga picha wake. Alimpita Msemaji ukumbini kama anapita nguzo.

"Ungependa tusimame wapi?" alimuuliza Mkuu.

"Pale nje," alisema Mkuu, akinyoosha tai. "Ili jengo letu jipya lionekane vizuri."

Msemaji alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Mkuu, tafadhali, pale si mahali—"

"Rudi ofisini kwako!"

Alizungumza vizuri mwanzoni. Alisema biashara ina vipindi, alisema watu wasiwe na wasiwasi, alisema maduka yamefungwa kwa ajili ya matengenezo madogo.

"Kuna wafanyakazi wamelala nje," alisema wifi. "Hayo ndiyo matengenezo?"

"Ni suala la ndani la familia moja inayoheshimika."

"Ndiyo familia hii iliyoandikwa juu ya kichwa chako?"

Mpiga picha aliinua kamera taratibu, herufi moja baada ya nyingine.

Mkuu aligeuka kutazama, kana kwamba jengo limejengwa nyuma yake dakika ileile. "Hilo ni... hilo ni jina la heshima."

"Na mwenyekiti wa baraza lako la chuo ni nani?"

"Sikuja hapa kuzungumzia baraza!"

Aliondoka kwa hatua ndefu. Alisahau kwamba kinasa sauti bado kimebanwa kwenye koti lake, na dunia ikamsikia akimuuliza dereva: "Huyu mwanamke ameletwa na nani? Mpigie mwenyekiti, mwambie nimemtetea!"

Jioni ile picha ilionyeshwa kila mahali. Wanafunzi waliigiza "nimemtetea" kwenye foleni ya chakula. Msimamizi wa magari alipita kila ofisi akisema kwamba Mkuu si alitaka dunia, basi dunia hiyo imekuja na begi lake.

*

Kamati ya nidhamu ilikaa katika chumba kilekile cha mikutano. Walikuwa watatu: Mkuu mwenyewe, mwanasheria wa chuo, na mhasibu, ambaye hakutaka kuwa pale na alitazama kucha zake muda wote.

"Ulipanga na wifi yako kumdhalilisha Mkuu," alisema mwanasheria.

"Sikupanga. Aliwaita mwenyewe. Mahali pa kusimama alipachagua mwenyewe."

"Ulizungumza na mwandishi huyo kabla ya mahojiano?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia nini?"

Hapa angeweza kusema alimsalimu tu. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na katika habari iliyotoka hakukuwa na neno lake hata moja. Mhasibu aliinua macho, akamtazama kama anayemwomba adanganye ili wote waende nyumbani.

"Aliniuliza Mama Mirathi yuko wapi. Nilimwambia haumwi, amezuiwa. Nilimwambia si la kuandikwa, na hakuliandika."

"Umesikia!" Mkuu alipiga meza. "Amekiri! Nyoka niliyemfuga mwenyewe!"

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa hodi. Aliingia Mama Mirathi na mkoba wake wa vitabu begani.

"Mimi ndiye mgonjwa," alisema. "Nimekuja kuwaambia nimepona. Asubuhi hii nimezungumza na redio ya nje, kwa jina langu mwenyewe, kuhusu yale maduka. Barua ya cheo kaifungieni maandazi."

"Toka nje!" alifoka Mkuu.

"Natoka. Nina darasa." Alimtazama Msemaji. "Ulinifundisha sentensi moja, dada. Leo nimetumia tatu, unisamehe."

Mama Mirathi hawakumfukuza. Sauti yake ilikuwa imeshatoka, na simu za kumtafuta zilikuwa zinaingia mpaka kwa mlinzi. Msemaji walimfukuza siku hiyohiyo. Alitoka na boksi moja: kikombe, viatu vya akiba, na redio ndogo.

*

Wifi alikuja nyumbani kwao Jumamosi mchana. Mume wa Msemaji ndiye aliyefungua mlango, na mkewe aliyekuwa akianika nguo uani aliwaona wote wawili kupitia ubavuni mwa nyumba.

"Shikamoo kaka."

Hakuitikia. Alisimama mlangoni na bisibisi mkononi, amejaza mlango wote.

"Nimekuja kumwona mke wako. Nimesikia wamemfukuza. Nataka kuwaandikia kwamba kwenye ile habari sikutumia neno lake hata moja."

"Ameshawaambia mwenyewe. Hawana haja ya barua yako."

"Hata hivyo."

"Alikwambia jambo, ukalikalia." Mume wake alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayefungua bomba lenye kutu. "Kubwa. Lingekupandisha. Na ukalikalia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unajua kunyamaza. Ulijifunza lini?"

"Baada yako," alisema dada yake.

Nguo iliyokuwa mikononi mwa Msemaji ilidondosha maji kwenye miguu yake. Hakusogea.

"Watu walikuwa wanayanywa yale maji, kaka. Ningeambiwa leo, ningeandika tena. Lakini ningekuuliza kwanza. Ningekwambia utafute pa kujificha. Sikukuuliza, na hilo silali nalo vizuri."

"Mimi nilikuwa nakula na dada yangu. Sikuwa nakula na shirika la habari."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja mikono mitupu kuniambia ungeandika tena."

"Ulitaka nidanganye?"

Mume wake alisogea upande mmoja wa mlango, nusu ya mwili, kiasi cha mtu mwembamba kupita. "Mke wangu yuko uani," alisema, akaenda zake bandani. Dada yake alipokuwa amefika katikati ya sebule, sauti ya kaka yake ilimfuata kutoka nje, kavu kabisa: "Marahaba."

Wifi alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akakataa chai, akazungumzia kazi. Alisema waandishi wenzake watatu wameuliza Msemaji amekwenda wapi, maana pale chuoni sasa anapokea simu kijana anayesema kila kitu kitajibiwa kwa maandishi. Alisema watu wa magodoro wanatafuta ofisa habari.

"Unanitafutia kazi?" aliuliza Msemaji.

"Nakwambia habari. Kwenda au kutokwenda ni juu yako. Na ukienda, usidhani nitawaandika kwa ajili yako."

"Na wewe usidhani nitakupokelea simu kwa ajili ya undugu."

Msemaji alikwenda. Kwenye usaili waliketi katika chumba ambacho kuta zake bado zilikuwa na mabaki ya sponji, na mkuu wa chuo kile, mwanamke mwenye haraka, alimuuliza atawaletea waandishi wangapi kwa mwezi. Msemaji alisema hawezi kuahidi hata mmoja. Alisema sharti lake ni mwalimu anayejua jambo aruhusiwe kulisema bila kuomba kibali, hata likimgusa mfadhili, na kwamba yeye hatamdanganya mwandishi kwa niaba ya mtu yeyote.

"Hata kwa niaba yangu?" aliuliza yule mwanamke.

"Hasa kwa niaba yako."

Mwanamke yule alikasirika waziwazi, akasema watafikiria. Walifikiria hadi Msemaji akaanza kuzoea kushika tochi bandani, kisha wakamwita. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa zamani, na walimpa meza iliyo chini ya ngazi.

Kule alikotoka, mwenyekiti alijiuzulu kwa sababu ya kesi za familia, lakini Mkuu hakujiuzulu. Alitoa taarifa kwamba mahojiano yake yalihaririwa kwa hila, na akaituma kwa wahariri wote wa dunia.

Wifi humpigia Msemaji kama anavyowapigia maofisa habari wengine, bila salamu ndefu, na mara nyingi humaliza kwa ugomvi. Wiki iliyopita waligombana kwa sababu mhadhiri mmoja alichelewa kupokea simu. Msemaji alikuwa jikoni, simu ameibana kwa bega, akimwambia wifi yake kwamba walimu si maji ya bomba ya kufunguliwa saa yoyote. Mume wake alikuwa mezani anakula. Zamani, akisikia tu ni nani aliyepiga, angebeba sahani yake akatoka nje. Safari hii aliendelea kukaa. Alitafuna taratibu mpaka simu ilipokatwa, kisha akauliza kama kuna mboga imebaki.